Sultani na Vigelegele

Kabla hamjaanza kucheka, naomba ieleweke kwamba farasi wetu, Sultani, hakuasi siku ile ya harusi. Nasema hivi kwa sababu hapa Bagamoyo habari imeshatiwa chumvi mpaka haimezeki. Watu wa Dunda wanasema Sultani alipandwa na jini. Wa Magomeni wanasema alimtamani bibi harusi. Na muuza chapati mmoja pale stendi anaapa kwamba alimsikia akicheka. Hakuna la kweli hata moja. Sultani alifanya lile alilofundishwa, tena kwa adabu zote, na mmoja wa waliomfundisha ni mimi ninayewaandikia.

Bosi wangu ana nyumba ndogo ya wageni upande wa kwenda Kaole, minazi mbele, uwanja mkubwa nyuma. Siku moja wageni waliotoka Mombasa wakamwonyesha picha walizopiga ufukweni juu ya ngamia. Bosi hakulala. Kesho yake akatangaza kwamba sisi hatuigi, sisi tunapita: tutaleta farasi. Akampata bara huko, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Farasi wa kahawia, mrefu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na amehasiwa. Hilo la kuhasiwa lishikeni, litakuja kutufaa mbele.

Mimi nilikuwa dereva wa bodaboda. Bosi aliniita akaniuliza, "Wewe si unajua kuendesha?" Nikasema ndiyo. Usaili ukaishia hapo.

Siku ya kwanza nikamwendea Sultani kwa nyuma, kama nilivyozoea kuiendea pikipiki yangu, mkono mmoja tayari kwenye kiti. Sikuuona mguu ulivyoinuka. Niliusikia upepo wake tu, ukipita jirani na mbavu. Kumbe mnyama mzima huyu alikuwa na hofu ya kila kitu alichoumba Mungu na vingi alivyotengeneza binadamu: mwavuli, bajaji, kanga iliyoanikwa, kuku anayetokea ghafla. Jioni jua likielekea kuzama alikuwa anakiogopa kivuli chake mwenyewe, na kivuli hakina pa kwenda, kwa hiyo walikimbizana mpaka magharibi.

Habari ikafika barazani kwa wazee wa kahawa, na pale hakuna jambo lisilo na mjuzi. Mzee mmoja aliyewahi kutembeza watalii akasema farasi na Bagamoyo hawajapatana tangu zamani: Stanley alipoondoka hapa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote walimfia njiani hata safari haijakolea. Mwenzake akadakia kwamba bara kulikuwa na mbung'o wanaoua wanyama wa mizigo, ndiyo maana pembe za ndovu zote zile zilifika pwani mabegani mwa wapagazi. Wa tatu, ambaye hunywa kahawa ya wenzake, akanipa ushauri wa bure: "Mfunge mnyororo. Pale Misheni si kuna ule mbuyu, umepandwa 1868? Bibi Chevalier alimfunga punda wake pale kwa mnyororo. Mnyororo upo mpaka leo."

"Na punda?"

"Mimi nakwambia habari za mnyororo."

Kweli mnyororo upo, kipande kidogo kimechomoza, kwingine mti umeshaumeza. Nikaona njia ya kumtuliza mnyama isiwe ya kungoja mti unenepe.

Bosi naye alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya hasara, akampigia simu mama mmoja wa Usa River, kule Arusha, mtu mzima aliyefanya kazi na farasi tangu usichana wake. Mama akaja na begi dogo, kigoda na gazeti. Hakuja na fimbo. Nikamuuliza, kwa heshima, leo tunaanza na nini.

"Leo tunakaa, mwanangu."

Akaingia uwanjani, akaweka kigoda mbali na Sultani, akafungua gazeti. Mimi nikakaa chini pembeni yake. Tukakaa. Nikasema moyoni, bosi akipita hapa akaona anavyolipa watu wasome gazeti, kazi imeisha. Mama akawa ananisomesha taratibu bila kuinua macho. Farasi, akasema, ni mnyama wa kuwindwa na kuliwa. Macho yake yako ubavuni ili aone karibu pande zote kwa wakati mmoja, ila kuna sehemu mbili asizoziona: nyuma kabisa ya mkia, na pale mbele ya paji la uso. "Wewe ulimwendea kutoka pale asipoona. Kwake yeye ulikuwa simba."

"Mama, mimi ni Yanga."

Akafunua ukurasa mwingine.

Kabla gazeti halijaisha nikasikia pumzi ya moto sikioni. Sultani alikuwa amekuja mwenyewe, hakuitwa, ananinusa shingo. Mama akanionya nisigeuke. Nilitii, si kwa utiifu, ni kwamba shingo ilikuwa imekataa kugeuka.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kwenda na kurudi. Namsogelea kutokea upande wa bega, naongea naye, na akiinua tu kichwa au sikio likikaza, nasimama, narudi hatua moja nyuma. Akitulia, naenda tena. Mama alikuwa na neno lake analolirudia: farasi hakumbuki ulivyomsogelea, anakumbuka ulivyomwachia. Ukimwachia pale alipotulia, amejifunza kutulia. Ukimwachia pale aliporuka, umemfundisha kuruka. Ni jambo jepesi kulisema, lakini mtu mzima anayetembea hatua tano mbele na nne nyuma asubuhi nzima ana sura yake. Mgeni mmoja alitoka chumbani akaanza kunisaidia kutafuta, akakagua majani kwa muda mrefu sana ndipo akauliza ni funguo au ni pete.

Nikafundishwa na dalili. Masikio yakilala nyuma, ondoka. Kichwa kikishuka, akapuliza pua, akalamba midomo na kutafuna hewa, akapumzisha mguu mmoja wa nyuma, huyo roho imetulia. Nikafundishwa pa kumkuna: si usoni ambako kila mgeni hukimbilia, ni pale shingo inapokutana na mgongo, ambapo farasi wenyewe kwa wenyewe hukunana kwa meno. Watu wamepima, mapigo ya moyo yanashuka ukimkuna pale. Mama akataka nipime na mimi. Farasi mzima aliyetulia moyo wake unapiga kati ya 28 na 44 kwa dakika, na mshipa unaupata chini ya taya. Nikaweka kidole, nikatazama saa, nikahesabu, nikatangaza kwa huzuni: mia na kumi, farasi anakufa.

Mama akanitazama mkono. "Umetumia gumba. Gumba lina mapigo yake. Huyo anayekufa ni wewe."

Mwavuli tulimzoesha, kanga tulimzoesha mpaka ikawa unaweza kumfunika nayo kichwa kizima akasinzia. Kwa vitu vinavyopepea Mama alizoea kutumia mfuko wa plastiki, lakini plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hatukutaka farasi apate ujasiri halafu sisi tupate kesi, tukatumia mfuko wa saruji. Kuna siku Sultani aliukanyaga huo mfuko ukanikwama mguuni, yeye akaenda kushoto, mimi kulia, na nikasema maneno. Mama akanitoa uwanjani. Akasema zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Mgiriki mmoja aitwaye Xenophon aliandika kwamba mtu mwenye hasira asimguse farasi. Nikaenda kukaa kisimani. Huyo Mgiriki hakuwahi kufungwa mfuko wa saruji mguuni, lakini sawa.

Ndipo ikaja harusi.

Familia moja ya mjini, watu wa heshima zao, wakataka bwana harusi aende kuoa juu ya farasi: kanzu, joho, kilemba, upanga kiunoni. Bosi akakubali kabla hawajamaliza sentensi na malipo ya awali akayapokea kwa mikono miwili. Jioni ileile shangazi yangu akapita kunisalimia, na simu ikamfikia akiwa getini: mtoto wa binti yake kafaulu mtihani. Shangazi akaachia kigelegele, kimoja tu, cha furaha. Sultani akapita na uzio.

Tulimpata baharini, maji yamemfika tumboni, anatazama Unguja.

Sasa fikirieni harusi ya pwani bila vigelegele. Hata msiba ungekuwa na kelele zaidi. Mama akasema hapa hakuna mkato, sauti inayomtisha lazima igeuke kuwa habari njema. Nitafute vigelegele kwenye simu, nivicheze kwa sauti ya chini kabisa, ile anayoisikia lakini haimwondoi alipo, na sikio likigeuka tu, kipande cha karoti. Sauti kwanza, karoti baadaye, papo hapo. Mpangilio usibadilike, maana karoti ikitangulia, ataanza kuiogopa karoti. Akanitajia yule Mrusi, Pavlov, na mbwa wake waliotokwa na mate kwa kusikia tu ishara ya chakula. Nikamwambia mbwa wa kwetu hutokwa na mate bila Mrusi.

Sauti tukaipandisha kidogo kidogo, akishtuka tunarudi chini. Karoti zikawa zinaisha kwa fungu; muuza mboga sokoni, anayeleta mzigo wake kutoka Lushoto, akaanza kuniamkia. Mwishowe simu ikafika mwisho wa sauti na Sultani hajali, anaifuata simu. Lakini simu si koo la mtu. Mama akanigeukia.

"Sasa utapiga wewe."

"Mama, mimi mwanamume."

"Sultani hajui."

Nikaenda naye kwenye minazi, mbali na nyumba, nikatazama kushoto na kulia, nikapiga. Sijui nilitoa nini. Ng'ombe wa jirani aliitikia. Sultani alinitazama kwa muda, halafu akatazama pembeni, na naweza kuapa kwamba aliona aibu kwa niaba yangu. Nikampa karoti hivyohivyo. Nikaendelea asubuhi na jioni, na sauti za minazini hazikai minazini. Jirani wa upande wa pili alikuja na chetezo cha ubani, kwa nia njema kabisa, akaniuliza kichwa kinaniuma tangu lini. Shangazi naye akafika, kajitanda, uso mkavu.

"Nasikia unapiga vigelegele porini. Nani kakuoa?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nipige nimsikie. Nikapiga. Akafumba macho. "Toba. Ulimi huo unaupeleka mbele na nyuma, unalamba bakuli? Ulimi unakwenda kushoto na kulia, na pumzi inatoka hapa." Akanigonga tumboni. Akanishikilia mpaka kikatoka kigelegele cha maana, chembamba, kirefu, chenye mkia. Sultani alikuja mbio. Shangazi akasema ningezaliwa mwanamke ningekuwa na bei.

Tukamalizia na akina mama wenyewe, wale wa kikundi cha upatu cha shangazi, bosi akiwalipa doti moja ya kanga kila mmoja. Wakasimama mbali, wakapiga, karoti. Wakasogea, wakapiga, karoti. Ikafika mahali wanamzunguka, wanampigia masikioni, na yeye kichwa chini, analamba midomo, mguu mmoja kaupumzisha, anapita kwa mmoja mmoja kukagua viganja. Mama alimpima mshipa chini ya taya akatabasamu. Lakini bosi alipokuja kuuliza kama farasi yuko tayari, Mama alisema hofu imetoka, imeingia hamu. Bado hajafundishwa kwamba kigelegele cha barabarani hakina karoti, na hilo linataka muda. Bosi akasema harusi ni Jumamosi. Mama akasema basi karoti zikae mfukoni mwa huyu kijana tu, asiwepo mwingine mwenye karoti. Kisha akapanda basi kurudi Usa River, kulikuwa na farasi jike kule aliyekaribia kuzaa, na mimba ya farasi ni miezi kumi na moja, huwezi kuikosa siku ya mwisho.

Jumamosi bwana harusi akafika amependeza na anatetemeka. Ni mhasibu, kazi yake Dar. Nikaona nimtulize kwa elimu niliyoachiwa na Mama. Nikamsimulia habari za Hans, farasi wa Berlin, ambaye mwaka 1904 mji mzima ulikuwa unamzungumza: unamuuliza hesabu, anagonga kwato mpaka jibu linafika, anaacha. Baadaye akaja mtaalamu, Oskar Pfungst, akagundua kwamba Hans hajui hesabu hata kidogo, alikuwa anasoma kichwa cha anayeuliza, ule mtikisiko mdogo ambao hata mwenyewe haujui. "Kwa hiyo wewe tulia tu," nikamwambia, "maana anakusoma."

"Anasoma kila kitu?"

Ilibidi apandishwe na watu wanne, kutoka juu ya baraza.

Na tukaenda vizuri, lazima niseme. Kupitia Mji Mkongwe, mbele ya ile milango ya kuchongwa, matarumbeta mbele, dufu nyuma, mimi nimeshika kamba, Sultani anatembea na shingo yake imelegea. Bajaji ikapiga honi, hakugeuka. Mtoto akafungua mwavuli puani mwake, akaunusa. Wazee wa kahawa wakasimama barazani, na yule wa mnyororo akavua kofia. Bosi alikuwa pembeni anapiga picha, machozi yanamlenga. Mpaka tukaingia Magomeni, tukakata kona ya nyumbani kwa bibi harusi.

Akina mama walikuwa wamejipanga pande mbili. Wakaona farasi. Wakaachia.

Masikio ya Sultani yakasimama mbele. Nikaihisi kamba. Hakukimbia, narudia tena, hakukimbia. Aligeuka kwa utaratibu, akaacha njia, akaenda kwa mama wa kwanza, akamnusa kiganja cha kulia, cha kushoto, kisha mkoba. Hakuna kitu. Akaenda kwa wa pili.

"Mashallah!" mtu akasema. "Farasi anatoa mkono wa harusi!"

Vigelegele vikaongezeka. Na kila kigelegele kilikuwa ahadi mpya. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, na Sultani ana zaidi ya kilo 400. Nani alikuwa anamwongoza nani, pigeni hesabu wenyewe, au mwulizeni mhasibu aliyekuwa juu. Nikapaza sauti: "Jamani, akina mama, nawaomba, msipige vigelegele!"

Pakawa kimya kidogo, kisha:

"Nani huyu anayekataza furaha ya watu?"

"Ana husuda!"

"Katumwa! Atakuwa wa upande wa yule mchumba wa zamani!"

Na kwa kunikomoa wakapiga upya, safari hii wote kwa pamoja, na wa nyumba za jirani wakawaunga mkono. Hapo upepo ukageuka. Sultani akainua pua juu, akavuta, akaelekea kwenye mlango wa uani. Uani palikuwa na wapishi. Wapishi walikuwa na kachumbari ya watu wote wa harusi. Mnajua kinachotiwa kwenye kachumbari.

Mlangoni palikuwa na bibi mmoja mfupi kakaa kwenye mkeka, ndiye mlinzi. Akainua mkono.

"We mwanamume, unakwenda wapi? Huku kwa wanawake."

"Namfuata farasi, bibi."

Akamtazama Sultani. "Naye dume au jike?"

"Dume, lakini amehasiwa."

"Basi yeye apite."

Nikaachia kamba. Bwana harusi alipita naye kwa sababu hakuulizwa.

Yaliyotokea ndani nimeyapata kwa shangazi, aliyekuwa huko anamenya viazi. Anasema alipovisikia vigelegele vya nje aliwaambia wenzake, "Sogezeni beseni." Hawakumwelewa, ikawa basi. Sultani akaingia, bwana harusi kainama kakumbatia shingo, kilemba kikabaki kwenye kamba ya kuanikia nguo. Beseni la karoti zilizokunwa lilikuwa chini, vitunguu bado havijatiwa, na hilo namshukuru Mungu maana vitunguu ni sumu kwa farasi. Akainamisha kichwa, akaanza kula, hana haraka, mguu mmoja wa nyuma kaupumzisha. Dalili zote za utulivu nilizofundishwa, zilitimia siku ile.

Sasa bwana harusi atashukaje? Hapakuwa na baraza wala watu wanne. Akabaki juu, ameelea juu ya sufuria la pilau, upanga unaning'inia kwenye mvuke. Na mlango wa chumba ukafunguka, bibi harusi akatoka kuona kuna nini, uso mzima liwa, mikono kaitanua mbele hina isiharibike. Nikaha bado. Mashahidi wako nje kwenye jamvi. Wakatazamana.

Bibi harusi akasema, "Si mlisema saa kumi?"

Somo wake akapiga ukunga, akavua kanga aliyojifunga juu akairusha imfunike bwana harusi macho asione. Ikamfunika farasi. Na farasi, nimeshawaambia, kanga tulimzoesha. Akaendelea kula humohumo ndani.

Huku nje sheikh alikuwa ameshakaa, daftari la ndoa limefunguliwa, na wazee wa pande zote mbili wananitazama mimi. Baba mdogo wa bwana harusi akaniuliza kwa upole wa mtu anayejizuia: "Kijana, mwenye kuoa yuko wapi?"

Ningemwita Sultani kwa jina asingetoka, jina lake halina karoti. Kuingia siruhusiwi. Nikatia mkono mfukoni, vipande vyangu vilikuwepo. Nikamtazama sheikh, nikasema, "Nisamehe, sheikh." Nikavuta pumzi kutoka pale aliponigonga shangazi, nikapiga kigelegele.

Matarumbeta yalinyamaza. Dufu lilinyamaza. Mzee wa mnyororo akavaa tena kofia yake.

Na uani wakaitikia! Kigelegele kwa kawaida hakiachwi peke yake, akina mama waliposikia cha nje wakadhani ndoa imefungwa, wakajibu kwa nguvu zote. Sultani ndani akachanganyikiwa, ahadi huku, ahadi kule. Nikapiga tena, wakajibu tena. Ndipo nikasikia sauti ya shangazi ikipasua ukuta: "Nyamazeeni! Huyo ni wangu, yuko kazini!"

Pakawa kimya. Nikapiga cha mwisho, chembamba, kirefu, chenye mkia. Kwato zikasikika. Akatoka mlangoni na kanga yake kichwani, kachumbari mdomoni, bwana harusi juu bila kilemba, akaja moja kwa moja mpaka mfukoni kwangu. Nikamlipa. Nikamkuna pale shingo inapokutana na mgongo.

Sheikh akafunika uso kwa daftari, mabega yakitikisika, kisha akasema, "Ashushwe tufunge ndoa, kabla hajaingia nyumba nyingine."

Ndoa ikafungwa na pilau likaliwa. Kachumbari haikuwa na karoti na hakuna aliyelalamika. Kilicholeta maneno ni kifungua mlango. Bwana harusi alipokwenda kumpa mkono mkewe, somo akasimama mlangoni na hesabu yake: mlango huu umeshafunguliwa mara moja leo bila malipo, tena kwa kwato, kwa hiyo atalipwa wa kwanza na wa pili, na kanga yake iliyotafunwa pindo. Mhasibu akasema la kwanza linamhusu mwenye farasi. Bosi akatafutwa, akakutwa anafuta picha kwenye simu. Akalipa.

Usiku nikampigia Mama Usa River. Nikamsimulia yote.

"Aliruka?"

"Hapana, Mama."

"Alipiga teke?"

"Hapana."

"Masikio yalikuwaje?"

"Mbele, muda wote."

"Basi mpe pole bosi wako, mpe hongera Sultani." Farasi wake jike alikuwa amezaa salama, akakata simu akamtazame mtoto.

Tangu siku ile simu ya bosi haitulii, watu wanataka kutukodi kwa harusi. Nilidhani wanamtaka Sultani. Wiki ijayo naitwa Kiromo, na nimeulizia kabisa kama kuna mahali pa kumfunga farasi na maji ya kumnywesha. Wameniambia farasi nimwache nyumbani, nije mimi na koo langu. Shangazi ameshapata habari, anataka nusu kwa nusu, maana ulimi ni wake, mimi nimeazimwa.